Filamu Ikiisha, Tusiinuke Haraka

Mwisho wa juma wengi wetu hapa Bunia huketi kutazama filamu: moja Jumamosi mchana, nyingine usiku, ya tatu Jumapili baada ya Misa. Hatusemi kwamba ni dhambi. Twauliza tu: Jumatatu asubuhi, ni ipi tunayoikumbuka?

Katika nyingi watu huanguka kwa risasi, nasi hatuwajui hata majina. Dieudo Hamadi, mzaliwa wa Kisangani, alishika njia nyingine. Filamu yake ya mwaka 2020, En route pour le milliard, yawafuata majeruhi wa Vita vya Siku Sita, majeshi ya Rwanda na Uganda yalipopigana Kisangani mwezi Juni 2000. Wengine walikatwa miguu. Hata hivyo wanapanda mashua na kushuka mto Kongo hadi Kinshasa kudai fidia. Humo kila jeraha lina mwenyewe, naye anasema.

Sisi wa Ituri twavijua vita. Tusiyazoeze macho yetu kukiona kifo kama mchezo. Vijana wapendwa, juma hili tuchague filamu moja badala ya tatu. Ikiisha, tukae, tuulizane: ni nani aliyeumia humu, na ni nani aliyemlilia?