Fanani Anapoondoka Jukwaani

Wapo wanaoshikilia kuwa wimbo wa roki hauna nafasi katika mjadala wa fasihi simulizi. Hoja hiyo haina mashiko. Farrokh Bulsara, mzaliwa wa Zanzibar (1946) aliyejulikana ulimwenguni kama Freddie Mercury, alitunga "Bohemian Rhapsody", wimbo uliotolewa na bendi ya Queen mwaka 1975. Sehemu yake ya kiopera ilijengwa studioni kwa kurundika sauti za watu watatu, tabaka juu ya tabaka, hata zikawa kwaya kubwa. Jukwaani jambo hilo halikuwezekana. Basi walifanyaje? Waliondoka, kanda ikapigwa, kisha wakarejea kwa kishindo cha magita katika sehemu ya roki nzito. Kwenye tamasha la Live Aid, Wembley, Julai 1985, waliimba sehemu ya mwanzo tu, wakaingia wimbo mwingine.

Huo si udanganyifu. Kwa kuliacha jukwaa tupu, fanani alikiri kwamba sauti ile haikuwa ya wakati ule. Laiti watafiti wetu nao wangekuwa na uaminifu huo! Mwanafunzi huenda Bangale, Tana River, akarekodi wimbo wa wafugaji wanaonywesha mifugo, akarudi chuoni na ukurasa wa maneno. Tasnifu ikauita ukurasa huo wimbo. Ng'ombe hawamo, waitikiaji hawamo, hata vumbi halimo. Tasnifu zijazo na zionyeshe, kando ya kila ubeti, nani aliitikia, nani alinyamaza, na kanda ilizimwa lini.