KUUGUZA NI KAZI, FAINI IFUTWE

Ndugu wanaushirika,

Msimu uliopita wa palizi tulimtoza faini mama mmoja wa kitongoji cha juu. Daftari la mahudhurio lilionyesha kwamba siku sita hakufika shamba la ushirika. Kanuni yetu inasema asiyefika bila ruhusa alipe. Kamati ikakaa, faini ikaandikwa, na sisi katibu wenu tukatia sahihi. Hakuna aliyeuliza siku hizo sita mama yule alikuwa wapi.

Alikuwa nyumbani kwake anamgeuza mumewe kitandani.

Mzee yule alipatwa na kiharusi asubuhi akienda kukata majani ya ng'ombe. Mdomo ukapinda, mkono wa kulia ukalegea, maneno yakawa hayaeleweki. Alilazwa, kisha akaruhusiwa. Gari lilipomshusha pale njia panda wote tulishangilia, tukasema mzee amepona. Jamani, hakuwa amepona. Ndiyo kwanza kazi ilikuwa inaanza, na yote ilimwangukia mtu mmoja.

Baada ya faini ile tulikwenda kukaa naye kutwa moja. Tuliyoyaona tunayaandika hapa ili kila mmoja ayasome.

Kila baada ya masaa mawili mama humgeuza mgonjwa, mchana na usiku, maana anayelalia upande mmoja hutoka vidonda. Wakati wa kula humkalisha wima, humpa uji mzito kijiko kimoja kimoja na kungoja ameze, maana koo la mgonjwa huyu linaweza kushindwa kazi, chakula kikaingia kwenye mapafu. Shati huanza kulivisha mkono mgonjwa, na wakati wa kulivua mkono huo huwa wa mwisho. Hamwinui kwa kuvuta mkono uliolegea, maana bega litaumia. Asubuhi na jioni humnyoosha vidole, kiwiko na goti, kama alivyofundishwa na mtaalamu wa mazoezi hospitalini. Halafu vidonge vya presha. Halafu kufua mashuka. Halafu ng'ombe, kuni na maji.

Hivi huyu ndiye tuliyemwandika mtoro?

Tena wapo wanaonong'ona eti mzee karogwa. Ndugu zangu, kiharusi ni ugonjwa wa ubongo. Ama damu huganda na kuziba mshipa wa ubongo, ama mshipa hupasuka. Sababu kubwa ni presha ya juu, na presha haipigi hodi. Mtu analima, anacheka, kumbe anayo. Wala tusidhani ni ugonjwa wa watu wa mjini peke yao. Kati ya mwaka 2003 na 2006 wataalamu waliwahesabu wagonjwa wa kiharusi huku kwetu Hai na kule Dar es Salaam. Katika kila watu 100,000, waliopatwa kwa mara ya kwanza kwa mwaka walikuwa kama 108 Hai, na kama 316 Dar es Salaam, hesabu ikishasawazishwa kwa umri. Mjini wamezidi, lakini na sisi tumo.

Sasa tuseme jambo la aibu yetu wenyewe. Siku ile tulizungumza habari ya faini mbele ya kitanda, tukidhani mzee haelewi kwa kuwa hasemi. Tulipotaja kiasi cha fedha, machozi yakamtoka. Alikuwa anasikia kila neno. Kutoweza kusema siyo kutoelewa. Mgonjwa wa namna hii aulizwe maswali ya ndiyo na hapana, apewe nafasi ya kujibu kwa mkono au kwa jicho, wala asimaliziwe maneno kwa haraka. Sisi tuliojifunza a, e, i, o, u tukiwa tayari na ndevu tunajua ilivyo tabu kutafuta neno mbele ya watu wanaokuharakisha. Mwalimu wetu wa kisomo hakutucheka, ndiyo maana leo tunaandika ukuta huu. Na mzee naye, mama anatuambia, mwezi uliopita alitamka jina la mjukuu wake.

Hapo ndipo penye maana ya kazi ya mama huyu. Miezi ya mwanzo ndiyo mwili hurudisha nguvu upesi zaidi, na hata baadaye mgonjwa anaweza kuendelea kupata nafuu. Lakini bila mazoezi viungo hukakamaa, na bila vidonge kiharusi cha pili kinaweza kuja. Asiachishwe vidonge eti kwa sababu anajisikia vizuri. Kwa hiyo muuguzi wa nyumbani akichoka akaanguka, tumepoteza wawili.

Na tuwaulize wanaume wenzetu: je, angeugua mama? Tunajua yanayofanyika. Mke akipooza, anarudishwa kwao auguzwe na mama yake mzee, na mume anasema kuosha mgonjwa siyo kazi ya mwanamume. Mwanamke aliyekupikia na kukulimia miaka thelathini, siku mkono wake umelegea ndiyo unakumbuka kwao? Tunasema waziwazi, huo ni unyonyaji. Mwanamume ana mikono miwili. Ajifunze kugeuza, kulisha na kufua.

Wapo watakaosema tukifuta faini, wavivu watajificha nyuma ya wagonjwa. Hoja hiyo tumeisikia na tunaiheshimu. Lakini balozi anajua kila nyumba kuna nini. Mgonjwa wa kiharusi hafichiki, na mvivu naye hafichiki.

Basi katika mkutano mkuu ujao tutapendekeza haya:

1. Faini ya mama yule ifutwe, na fedha alizokwisha lipa arudishiwe mbele ya wote.

2. Anayemuuguza mwenzi wake aliyepooza aandikwe katika daftari kuwa yuko kazini.

3. Kila shina lenye mgonjwa wa namna hii lipange zamu. Siku moja kwa juma jirani aje asubuhi, mwenye kuuguza akalale au aende shambani kwake. Tumezoea kwenda kumwona mgonjwa tukakaa, tukaandaliwa chai, tukaondoka. Mgeni wa siku ya tatu hupewa jembe. Mgeni wa mgonjwa apewe jembe siku ya kwanza.

4. Siku ya malipo ya kahawa tuombe zahanati ilete kipimo cha presha, tupimwe wote, viongozi tukiwa wa kwanza. Wazee hutusimulia kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973, watu walivyokaa vikundi kusikiliza redio, kisha wakaenda kuchimba vyoo. Njia ile ya vikundi inafaa hata leo kwa presha. Tupunguze chumvi, tuache sigara, pombe tusiiendekeze.

5. Ukiona uso umepinda, mkono umelegea au maneno yamevurugika, hata kama ni upande mmoja tu na kwa muda mfupi, usingoje kesho wala usimkande kwanza. Mpeleke hospitali saa hiyo hiyo.

Kidole kimoja hakivunji chawa. Leo ni nyumba ya mzee yule, kesho hujui ni ya nani. Tulikosea sisi wa ofisi, na tunakiri hapa hapa ukutani ambako jina la mama yule lilibandikwa katika orodha ya watoro. Orodha ile tumeshaibandua.

Njooni mkutanoni. Asiyejua kusoma asomewe na jirani.

Ni sisi,
Katibu wa Tawi