Tumbo Dogo, Sahani Ileile
Upasuaji wa kupunguza mfuko wa tumbo huondoa kama robo tatu ya mfuko huo, lakini kadi za harusi zinaendelea kuja. Mwaka wa kwanza kilo hupukutika na kila mtu anakusifia. Mtihani huja baadaye, njaa inapoanza kurudi. Tazama sahani ya shughuli: mlima wa pilau, kinofu kimoja cha nyama, soda pembeni. Aliyepasuliwa huigeuza: kwanza nyama, samaki au maharage, maana mwili unataka walau gramu 60 za protini kwa siku, kisha mboga, na wali vijiko viwili vitatu kama nafasi imebaki. Maji yasubiri nusu saa. Kinachowarudishia wengi unene, nionavyo mimi, si ugali, ambao ukiuzidisha hukukaba mara moja. Ni juisi, aiskrimu na biskuti zilizochovywa kwenye chai ya sukari, vitu vinavyoteleza bila kushibisha. Na shangazi anayeuliza, “Mbona huli, mwanangu, chakula kibaya?” hakuna daktari anayemwandikia dawa. Mwombe akufungie, utakula kesho.