Kidole kinachokwama: usingoje kigande, wala usiogope kisu

Huenda umeshaamka alfajiri, ukakusanya maji ya udhu kiganjani, na kidole kimoja kikakataa kunyooka. Ukakivuta kwa mkono wa pili, kikafyatuka kwa kishindo kidogo chenye maumivu. Siku ya pili hivyo hivyo. Wengi wetu husema ni baridi yabisi, tukapaka dawa ya kuchua, tukanyamaza.

Kila kidole hukunjwa na kano zinazotoka kwenye misuli ya mkono na kupita ndani ya ala. Ala hiyo imeshikiliwa na pete ngumu, na ya kwanza ipo kiganjani, kwenye shina la kidole. Pete hiyo ikinenepa, au kano ikivimba na kufanya uvimbe kama fundo, kano haipiti tena vizuri. Fikiria kamba ya suruali ndani ya upindo: ikipata fundo hukwama, ukiilazimisha inapenya kwa nguvu. Ndiyo maana tatizo lipo kiganjani, ingawa wewe unaumia kwenye kiungo cha kati, na wengine huchua mahali pasipohusika miezi mingi.

Huwapata zaidi wanawake, hasa kati ya miaka 40 na 60, na wenye kisukari huugua mara nyingi kuliko wengine. Kwa maoni yangu, yeyote ambaye vidole vyake vinakwama, hasa zaidi ya kimoja, apimwe sukari siku hiyo hiyo. Ni tone moja la damu. Inasikitisha kuona mama anapewa vidonge vya maumivu mwaka mzima na hakuna aliyemuuliza habari ya kisukari.

Ugonjwa ukiwa mchanga, pumzisha mkono: punguza kukuna nazi, kukamua nguo nzito, kushika mkasi siku nzima. Najua, fundi cherehani ataniuliza atakula nini. Basi avae banzi usiku, kidole kikiwa kimenyooka, kwa wiki kadhaa. Isipotosha, daktari huchoma sindano ya steroidi kwenye ala. Wengi hupona kwa sindano moja au mbili, ila kwa mwenye kisukari hufanya kazi kwa uchache, na sukari hupanda kwa siku kadhaa baada yake. Mwambie daktari kabla hajachoma, si baada.

Sindano zikishindwa, kinachobaki ni upasuaji, na hapa ndipo watu hukimbia. Mtu akisikia "kupasuliwa mkono" anawaza kulazwa na kupooza. Ukweli ni kwamba huchomwa ganzi ya kiganja tu, unazungumza na daktari, anachana ngozi kidogo, anakata ile pete, na anakuambia ukunje na kunyoosha kidole hapo hapo ahakikishe hakikwami. Ni kazi ya dakika chache, na unarudi nyumbani siku hiyo. Hatari zipo: kidonda kuingia wadudu, kidole kukakamaa, na mara chache mshipa wa fahamu kujeruhiwa. Kwa hiyo afanye daktari mwenye ujuzi, wala asiwe mtu wa kuchanja chale kwa wembe mtaani. Kiganja kimejaa mishipa.

Hatari ya kungoja ni kubwa zaidi. Kidole kilichokaa kimejikunja muda mrefu, kiungo chake hugandamana, na hapo hata pete ikikatwa huenda kisinyooke kabisa.

Mtoto mdogo ambaye gumba lake limejikunja ni habari nyingine. Wengi hujinyoosha wenyewe wakikua, kwa hiyo apelekwe kwa daktari, asivutwe.

Baada ya upasuaji, anza kukunja na kunyoosha vidole siku hiyo hiyo. Nyuzi hutolewa baada ya siku 10 hadi 14, na kiganja huweza kuuma wiki kadhaa. Bandeji isilowe. Kuhusu udhu, muulize imamu wako akueleze namna ya kupangusa juu ya bandeji. Ruhusa hiyo ipo.