ANAYEJIONA MZIMA, NANI ATAMPELEKA KWA DAKTARI?

Wiki chache zilizopita alifika ofisini kwetu mama mmoja mzaliwa wa Unguja, ambaye kwa sasa ni mkazi wa Mbagala. Hakuja kulalamikia bei ya unga wala ubovu wa barabara. Alikuja kuuliza swali ambalo, tunakiri, lilitushinda kulijibu papo hapo: ni wapi katika Dar es Salaam anakoweza kumpata mtaalamu wa kumtibu mtu ambaye hajapata kukosea tangu azaliwe?

Alikuwa akimsema mumewe. Kwa maelezo yake, bwana huyo si mlevi wala si mvivu, na mtaani watu wanampenda. Nyumbani, hata hivyo, kila jema ni lake na kila baya ni la wengine. Asiposifiwa hununa siku tatu, hasemi na mtu. Mtoto alipotokea wa kwanza darasani aliambiwa akili hizo ni za baba. Muhula uliofuata alipotokea wa tisa, aliambiwa amefuata ukoo wa mama. Kazini bwana amekwisha kosana na wakubwa wanne, na wote wanne, kwa mujibu wake, walikuwa wakimhusudu. Mama huyo alikwenda kwanza kwa wazee, halafu kwa mganga, halafu kwa shehe aliyemsomea dua, na mwishowe katika kituo kimoja cha afya, ambako aliambiwa maneno mawili tu: "Mlete mgonjwa." Alipoufikisha ujumbe huo nyumbani alijibiwa kwamba mgonjwa ni yeye.

Sisi hatuwezi kusema kama bwana yule ni mgonjwa. Hatukumwona, na hata daktari hana haki ya kumpima mtu kwa masimulizi ya mkewe. Lakini ugonjwa wa namna hiyo upo na unajulikana. Mwaka 1980 Chama cha Madaktari wa Magonjwa ya Akili cha Marekani kiliuingiza katika toleo la tatu la kitabu chake cha kuainisha maradhi, kwa jina lililotokana na Narcissus, kijana wa ngano za Kiyunani aliyeiona sura yake majini akashindwa kuondoka. Kwa Kiswahili twaweza kuuita ugonjwa wa nafsi wa kujikweza. Dalili zilizoandikwa ni tisa, na sharti zionekane tano au zaidi, nazo ziwe zimekita tangu ujana. Miongoni mwake ni kujiona mkubwa kupita kiasi, kiu ya sifa isiyokatika, kuwatumia watu kwa manufaa yake, na kutohisi uchungu wa mwenzake. Shirika la Afya Duniani, katika mpango wake ulioanza kutumika tarehe 1 Januari 2022, halikuuweka peke yake kwa jina hilo, bali hupima ukali wa hitilafu ya nafsi, kama ni mdogo, wa kadiri au mkubwa. Kwa hiyo msomaji asibishane na daktari atakayeandika jina jingine katika cheti.

Hapa hatuna budi kutoa onyo. Neno hili limekwisha ingia mitaani, na siku hizi kila bwana mkali na kila bibi apendaye kioo huambiwa ana ugonjwa huo. Kiburi ni tabia tu, na wazee wetu waliijua. Walimnyamazia mwenye kiburi barazani mpaka akapoa. Ugonjwa ni pale mtu asipoweza kuishi kwa njia nyingine hata inapomgharimu kazi, ndoa na watoto. Chini ya majivuno yale mara nyingi imejificha nafsi isiyohimili aibu. Ndiyo maana mtu wa jinsi hii akifukuzwa kazi au akiachwa aweza kuzama katika huzuni hata akatamani kujiua. Wengi wao, wakimfikia daktari, humfikia kwa mlango huo wa huzuni, au kwa mlango wa pombe. Ni wachache wanaokwenda kwa kukiri kwamba tabia zao zinawaumiza wengine.

Na tiba? Hakuna kidonge cha ugonjwa huu. Dawa hutolewa kwa huzuni au wasiwasi unaofuatana nao, lakini tiba yenyewe ni mazungumzo na mtaalamu, tena ya muda mrefu. Madaktari wawili waliozaliwa Vienna wakafanya kazi Marekani, Heinz Kohut na Otto Kernberg, walihitilafiana sana juu yake katika miaka ya 1970. Mmoja alitaka mgonjwa asikilizwe kwa huruma mpaka nafsi yake ijengeke upya, na mwingine alitaka aonyeshwe hila zake waziwazi. Mzozo huo tunawaachia wenyewe. Linalotuhusu ni kwamba tiba hiyo huhesabiwa kwa miaka. Kikao kimoja kwa wiki kwa miaka miwili ni zaidi ya vikao 100, na mtaalamu wa binafsi hulipwa kwa kila kikao. Mshahara gani wa mkazi wa Tandika utayabeba hayo?

Wasomaji wetu wa Unguja na Pemba huenda wakauliza mambo ya Temeke na Kinondoni yanawahusu nini. Yanawahusu sana. Hospitali ya Kidongo Chekundu ipo, lakini kisiwani hakuna siri. Anayeonekana langoni pale asubuhi, adhuhuri habari zake zimekwisha fika Mkoani. Kwa sababu hiyo wenye nauli hupanda boti kimyakimya, wakafikia kwa ndugu zao wa Mbagala au Magomeni, wakitumaini kwamba mji mkubwa una kila kitu na haumjui mtu. Na kwa kuwa afya si jambo la Muungano, kila upande una wizara yake, naye avukaye kwa siri huvuka bila barua ya rufaa wala faili. Huanza upya kama kwamba ameugua jana.

Si kweli kwamba hakuna pa kwenda. Muhimbili ina idara ya magonjwa ya akili, na Chuo Kikuu cha Afya na Sayansi Shirikishi kilicho jirani yake hufundisha saikolojia ya tiba katika shahada ya uzamili. Hospitali za rufaa za mkoa za Mwananyamala na Temeke nazo zina huduma ya afya ya akili. Mtu wa Bunju au wa Chamazi yafaa aanzie huko kabla ya kufuata mabango ya barabarani. Atakayekutana na mtu anayejiita mshauri amwulize bila haya amesomea wapi, amepata kuwatibu watu wa aina hii, na ni nani anayeisimamia kazi yake. Akiahidiwa kupona kwa vikao vitatu, na aondoke. Akiambiwa kwamba mumewe, ambaye hakuonwa hata mara moja, ana ugonjwa huu bila shaka yoyote, na aondoke upesi zaidi.

Lakini kikwazo kikubwa ni lile neno, "Mlete mgonjwa." Kwa malaria neno hilo ni sawa. Kwa ugonjwa ambao sehemu yake ni kukataa kwamba upo, neno hilo ni sawasawa na kuufunga mlango. Mgonjwa haji, anayekuja ni mke, ni mama, ni ndugu mdogo, naye ndiye anayerudishwa. Ilhali mtu huyo akipokewa, akafundishwa kuweka mipaka, kujilinda na kuwalinda watoto, mara nyingi nyumba hubadilika hata kabla mwenyewe hajakubali kukaa mbele ya mtaalamu. Na wako wanaokubali, hasa siku wanapoona kweli kwamba watabaki peke yao.

Serikali isituambie kwamba jambo hili haliwezekani. Mwaka 2011 ilipoanza huduma ya methadoni Muhimbili kwa waliotekwa na heroini, haikuishia hapo. Iliteremshwa hadi Mwananyamala na Temeke, karibu na watu wenyewe, kwa sababu uamuzi ulitolewa na watumishi wakafundishwa. Huko Zimbabwe, tangu mwaka 2006, akina bibi wa kitongoji cha Mbare mjini Harare walifundishwa kukaa na wenye dhiki kwenye benchi nje ya zahanati, na utafiti uliotangazwa mwaka 2016 ulionyesha kwamba waliosikilizwa walipata nafuu. Mpango huo umekwisha fika hata Unguja. Akina bibi hawatautibu ugonjwa tunaousema, la hasha, lakini mtu aliyefundishwa kusikiliza hujua pia ni nani wa kumpeleka mbele.

Yapo pia mabaraza ya usuluhishi. Kwa Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, inayotumika Tanzania Bara, kwa kawaida shauri la talaka halifiki mahakamani kabla halijapita katika baraza la usuluhishi la ndoa. Nyumba za namna hii huishia huko, na huko bwana mwenye ulimi mtamu huwashinda wajumbe wote kwa adabu yake, mke akarudishwa nyumbani na nasaha za uvumilivu. Wajumbe hao wanastahili kupewa mafunzo, hata ya siku mbili. Nao wakumbuke, pamoja na polisi wa Dawati la Jinsia na Watoto, kwamba kifungu cha 66 cha sheria hiyo hakimpi mtu yeyote haki ya kumpiga mwenzake wa ndoa, na ugonjwa wa nafsi si ruhusa.

Tunaziomba wizara zote mbili za afya zifungue katika Mwananyamala, Temeke na Kidongo Chekundu siku moja ya wiki ya kuwapokea jamaa wa wagonjwa. Zibandike ubaoni majina ya wataalamu wanaotambuliwa. Zikubaliane pia jinsi faili la Unguja litakavyosomwa Temeke bila kupitia midomo ya watu. Wanaoitekeleza Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya mwaka 2023 nao watueleze kinagaubaga ni vikao vingapi vya mazungumzo vitakavyolipiwa.

Mama yule tulimshauri aende hospitali ya rufaa, amwulizie afisa wa ustawi wa jamii, naye aende kwanza kwa ajili yake mwenyewe na wanawe. Alikubali. Alipofika mlangoni aligeuka akatuuliza: dirishani nitakapoambiwa nitaje jina la mgonjwa, nitaje la nani? Swali hilo tunalifikisha kwa wahusika.