Risala ya Wazazi kwa Waziri wa Jeshi la Majini la Marekani

Mheshimiwa Waziri,

Sisi ni wazazi tunaozungumza Kiswahili, tunaishi Marekani, na watoto wetu wanatumikia jeshi lako. Mmoja ni mpishi melini, wengine ni mafundi wa ndege, na mmoja anasomea urubani. Hakuna aliye vitani, lakini usingizi wetu ni wa mang'amung'amu. Tume ya taifa iliyochunguza usalama wa ndege za kijeshi ilihesabu watu 198 waliokufa na ndege 157 zilizoteketea kwa ajali, bila adui kurusha risasi, kati ya mwaka wa fedha 2013 na 2018.

Tunakuja na jina la Luteni Kara Hultgreen, rubani wa kike wa jeshi lako. Hatukumjua, ila aliyotendewa baada ya kufa yanatutisha kuliko kifo chenyewe.

Oktoba 25, 1994, akiwa na miaka 29, alikuwa anairudisha ndege ya kivita ya F-14 kwenye manowari ya Abraham Lincoln, nje ya San Diego. Kwenye kona ya mwisho alipitiliza mstari wa katikati wa sitaha. Akakanyaga pedali kuirekebisha ndege, pua ikakaa upande, hewa ikaingia vibaya katika injini ya kushoto, nayo ikapoteza nguvu. Ndege ikaanza kulala kushoto. Afisa wa rada aliyeketi nyuma akavuta mpini wa dharura wa kufyatua viti nje ya ndege. Viti vya ndege hiyo vilifyatuka kwa zamu: cha nyuma kwanza, cha rubani sekunde 0.4 baadaye. Afisa yule alipona. Ndani ya sekunde 0.4 ndege ilikuwa imeshapinduka, na kiti cha Kara kikampeleka chini, baharini. Alipatikana Novemba 12, bado amefungwa mikanda kitini.

Injini ile, TF30, haikuwa siri. Mwaka 1984 Waziri wa Jeshi la Majini wa wakati huo, John Lehman, aliliambia Bunge kwamba injini na ndege ile haziendani hata kidogo. Miaka 10 baadaye kikosi cha Kara kilikuwa bado kinaitumia.

Kisha zikaandikwa ripoti mbili. Ya wazi ililaumu injini. Ya siri, iliyovuja baadaye, ilitaja pia makosa ya rubani. Katika pengo hilo wakaingia wasiotaja majina yao, wakieneza kwamba alibebwa kwa kuwa ni mwanamke. Mama yake ikambidi atoe hadharani rekodi za mafunzo ya bintiye, na mwaka 1998 akatoa kitabu kizima. Rekodi zilikuwa na ukweli wa kawaida tu: mara ya kwanza alishindwa mtihani wa kutua melini, akarudi, akafaulu. Mheshimiwa, kwetu mfiwa huketi mkekani na watu ndio wanaomwendea. Yule mama alizunguka na vyeti vya marehemu kama mtu anayedaiwa.

Hatuombi watoto wetu wasafishwe. Aliyekosea, tuambiwe alikosea. Tunajua ushahidi wa siri upo ili mafundi na marubani waseme bila hofu, na hilo libaki. Tunachodai ni kwamba hitimisho la kila uchunguzi, pamoja na kasoro za mtambo zilizokuwa zinajulikana, lifike kwa familia kwa maandishi kabla halijamfikia mwandishi wa habari.

Tunadai pia utuunge mkono mbele ya Bunge tufunguliwe mlango wa mahakama. Tangu kesi ya Feres ya 1950, familia ya askari aliyekufa akiwa kazini haiwezi kuishtaki serikali. Mwishoni mwa 2019 ilipatikana njia ya madai kwa makosa ya madaktari wa jeshi, basi. Ukimgeukia mtengenezaji wa ndege unakutana na kesi ya Boyle ya 1988. Mtoto wa mtu, rubani msaidizi wa helikopta, alianguka nayo baharini mazoezini nje ya Virginia. Hakuuawa na kishindo, alizama. Baba yake alidai kwamba mlango wa dharura ulifunguka kwa nje, na maji yakaukandamiza. Mahakama ya Juu ikaamua kwamba mtengenezaji aliyefuata vipimo vilivyoidhinishwa na serikali anaweza kukingwa. Serikali haishtakiki, kiwanda kina kinga. Tumdai nani, bahari?

Halafu kuna beji, kitu kidogo kama kifungo cha koti. Mfiwa wa vitani hupewa nyota ya dhahabu juu ya zambarau. Mfiwa wa mazoezini hupewa nyota hiyohiyo ndani ya matawi ya mwaloni, bila zambarau. Wanaojua huzitofautisha kwa kutupa jicho tu, na kina mama wawili wakikaa benchi moja makaburini Arlington, alikozikwa Kara, kila mmoja anajua wa mwenzake alikufaje. Tunadai beji iwe moja.

Tunaomba majibu ya maandishi ndani ya siku 30. Yule anayesomea urubani anaanza kujifunza kutua melini mwezi ujao.

Ni sisi,
Wazazi