Muhogo Utuokoe, Usitulemaze



Mvua za Tarime na Serengeti siku hizi haziaminiki. Mahindi hukauka kabla ya kubeba, na mabwana shamba wanatuhimiza tupande mtama na muhogo. Ushauri huo ni mzuri. Lakini sisi wauguzi tunaona unaishia shambani, wakati kazi nyingine inatusubiri jikoni.

Mwaka 1985, wakati wa ukame, waligunduliwa wagonjwa 39 wa konzo katika wilaya ya Tarime ya wakati ule, kabla Rorya haijatengwa. Ugonjwa huu hukakamaza miguu yote miwili kwa ghafla. Hauna dawa, na kilema chake ni cha maisha. Huwapata zaidi watoto na akina mama walio katika umri wa kuzaa. Si uchawi wala laana ya ukoo. Huletwa na sumu ya sianidi inayobaki katika muhogo mchungu uliotayarishwa haraka haraka, ukaliwa kila siku bila kitoweo cha kujenga mwili.

Muhogo mchungu hustahimili ukame, tena nyani na nguruwe pori hawaupendi. Hatusemi ung'olewe. Tunasema hivi:

1. Menya, loweka siku 3 au zaidi mpaka ulainike, kisha anika juani ukauke kabisa. Kukatakata na kuanika tu hakutoshi.

2. Ukiutilia shaka unga, ulowanishe kwa maji, utandaze kwenye mkeka kwa unene usiozidi sentimita 1, saa 2 juani au saa 5 kivulini. Songa ugali siku hiyo hiyo.

3. Ugali wa muhogo uliwe na dagaa, maziwa, mayai au maharage. Baba mwenye zizi asiuze maziwa yote.

Njaa haina subira, na kuloweka kunataka maji. Mama anayefuata ndoo moja mbali hawezi kulaumiwa akifupisha siku. Kwa hiyo kisima kihesabiwe kuwa sehemu ya kilimo cha kustahimili ukame, na anayegawa pingili za muhogo agawe pamoja na elimu hii. Akina mama wa WAWATA na Jumuiya Ndogo Ndogo wanaweza kuonyeshana kwa vitendo kabla njaa haijabisha hodi.

Shamba likishinda ukame huku mtoto ameshindwa kusimama, tutakuwa tumevuna nini?